Kanisa Lililomezwa na Ngome

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuiita Ngome Kongwe. Kwake yeye mahali pale palikuwa Gereza, na kila alipotutuma Forodhani alituagiza tupite mbele ya Gereza, tusikatize vichochoroni. Nikiwa na miaka minane au tisa, kila nilipopita langoni nilikuwa nikinyoosha shingo nikitarajia kumwona japo mfungwa mmoja, na sikuona isipokuwa watalii, vinyago na picha za rangi zilizotundikwa ukutani. Siku moja nikamuuliza wafungwa wamefichwa wapi. "Washaondoka zamani, bwana we," akanijibu bila kuinua macho kwenye ukili aliokuwa akisuka. "Hata mimi sikuwakuta."

Jibu lile lilinitosha kwa miaka mingi. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma kwamba neno lenyewe, gereza, hutajwa kuwa limetokana na igreja, ambalo kwa Kireno ni kanisa, na kwamba ndani ya ua wa ngome ile ile kuna mabaki ya kanisa la Wareno lililobomolewa yapata miaka 300 iliyopita. Bibi alikuwa ameshafariki. Nikarudi peke yangu, na safari hii nilikuwa nikitafuta kanisa pale nilipokuwa nikitafuta wafungwa.

Ngome Kongwe iko ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, imetazamana na bustani ya Forodhani, na ubavuni mwake liko jumba la Beit al-Ajaib. Ndani mna ua mpana, jukwaa la wazi lenye ngazi za kukalia ambapo hufanyika matamasha ya muziki na filamu, na maduka ya kazi za mikono. Kijana aliyekuwa akiwatembeza wageni siku hiyo alilitaja kanisa kwa nusu sentensi, mkono umeelekea ukutani na macho yameelekea dukani, kisha akaendelea na habari za masultani. Sikumlaumu, kwa kuwa kilichobaki ni kidogo mno kuweza kumshikilia mgeni mwenye haraka: ni sehemu ya ukuta iliyoshikamanishwa na ukuta mwingine, kama kiraka kizee ndani ya nguo mpya. Nilisogea hadi nikaweza kuweka kiganja. Lipu ilikuwa imebanduka, na chini yake yalionekana mawe ya matumbawe yasiyolingana ukubwa, yenye vitundu vidogo vidogo vinavyokumbusha kwamba jiwe hilo liliwahi kuwa kiumbe hai baharini, yakiwa yameshikwa na chokaa iliyogeuka kijivu kwa uzee. Nilipopitisha kidole nilihisi ncha zinazokwaruza, na nilipokitoa kilikuwa na vumbi jeupe. Huo ndio ukaribu wote nilioupata na kanisa lile, na nakiri ulinitikisa kuliko makanisa mengi mazima niliyoingia.

Wareno walifika Unguja mapema. Mwaka 1503 nahodha Ruy Lourenço Ravasco aliviteka vyombo vya wenyeji karibu na kisiwa hiki, akamlazimisha mtawala wake akubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya kila mwaka. Hata hivyo, kwa muda mrefu hawakujenga hapa kitu cha maana. Mwingereza James Lancaster alipotia nanga Unguja mwishoni mwa mwaka 1591, alichokikuta ni kituo kidogo tu cha biashara cha Wareno. Nguvu yao pwani hii ilikuwa Malindi, na kuanzia mwaka 1593, walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu, ikahamia Mombasa. Unguja ilibaki pembezoni, mahali pa wafanyabiashara wachache na familia zao walioishi kwa hisani ya watawala wa Kiswahili na kwa kutegemea pepo za kaskazi na kusi kama walivyozitegemea watu wengine wote.

Kwa ajili ya watu hao wachache ndipo watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, ambao kituo chao kikuu kwa upande huu wa dunia kilikuwa Goa, walipoweka misheni, na kanisa likasimama ufukweni kati ya mwisho wa karne ya 16 na miaka ya mwanzo ya karne ya 17. Nalifikiria kama kanisa la parokia, kwa sababu halikuwa kanisa la jeshi wala la askofu. Lilikuwa la mtaa, lenye padri wake, ubatizo wake na mazishi yake, na waumini ambao bila shaka walijuana wote kwa majina. Anayetaka kukisia lilifananaje na aende Malindi, ambako kikanisa cha Wareno bado kimesimama, kidogo kama chumba cha darasa, kimeezekwa makuti, na makaburi yamekizunguka. Hapo Malindi ndipo mmisionari Fransisko Ksaveri, aliyekuwa safarini kwenda India, alipopita mwaka 1542. Kikanisa kile kimesalimika kwa sababu hakuna aliyekihitaji kwa lingine. Cha Unguja kilikuwa na bahati mbaya ya kukaa mahali pazuri.

Nisiandike kana kwamba kilichovunjwa kilikuwa nyumba ya sala tu. Makanisa haya yalikuja na mizinga, na watu wa pwani waliyaona yote mawili kwa jicho moja. Mombasa ilishuhudia hilo Agosti 1631, pale Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyepelekwa Goa akiwa mtoto, akalelewa na watawa hao hao wa Augustino na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliporudi katika dini ya wazee wake, akamuua kamanda wa Ngome ya Yesu na kuuteka mji, na Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa. Mwaka 1650 Waomani waliwafukuza Wareno Maskati, na miaka miwili baadaye majeshi yao yalishambulia Unguja na kuwaua Wareno waliokuwa wakiishi hapa, padri akiwa miongoni mwao. Kwa hiyo kanisa letu lilikwisha kuwa mjane, kama naweza kusema hivyo, karibu nusu karne kabla ya kubomolewa.

Pigo la mwisho lilianzia Mombasa. Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, na kuzingirwa huko kukaendelea hadi Desemba 1698, muda wa takriban miezi 33 ambamo waliokuwa ndani waliangamizwa na njaa na maradhi kuliko risasi. Unguja haikukaa kando. Malkia Fatuma, aliyekuwa akitawala hapa, aliwapelekea Wareno chakula, na jambo hilo lilimgharimu, kwa kuwa baada ya ushindi Waomani walimchukua mateka hadi Oman. Nyumba yake inasemwa ilikuwa karibu na hapo hapo ufukweni, hatua chache kutoka kanisani. Malkia Mwislamu na kanisa la Wakatoliki walianguka pamoja, na hii ni habari ambayo wale wanaopenda kuieleza historia ya pwani kama vita vya dini mbili huipita upesi.

Waliposhika Unguja, Waomani walikuwa na hofu ya kweli kwamba Wareno wangerudi, na hofu hiyo haikuwa ya bure, maana Wareno walirudi kweli Mombasa mwaka 1728 wakaishika kwa muda mfupi hadi wenyeji walipowatimua mwaka uliofuata. Ilihitajika ngome inayotazama bandari, na ilihitajika haraka. Pale ufukweni palikuwa na eneo lililokwisha kusafishwa, lenye jengo la mawe lisilo na mwenyewe. Mwanzoni kabisa mwa karne ya 18 ngome ilikuwa imesimama, na kanisa likawa limeingia ndani yake.

Neno "limeingia" nimelichagua kwa makusudi. Tukisema jengo limebomolewa, leo tunafikiria buldoza, vumbi na kifusi kinachopakiwa kwenye malori kwenda kutupwa. Ujenzi wa mawe na chokaa haukuwa hivyo. Matumbawe yalipaswa kuchimbwa na kubebwa, na chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya lundo kubwa la magogo, kisha kuiacha iive kabla ya kutumika. Jiwe lililokwisha kukatwa, kukauka na kubebwa hadi kwenye kiwanja lilikuwa mali, na mtu kubomoa ukuta ili autupe ingekuwa sawa na kuchoma fedha. Kwa hiyo ukuta uliofaa uliachwa ukashikamanishwa na mpya, na usiofaa ulifunguliwa jiwe kwa jiwe. Hii ndiyo sababu swali nililokwenda nalo, la kanisa kwenda wapi, lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya kanisa haikwenda popote. Uchimbaji wa akiolojia uliofanywa ndani ya ua katika miongo ya karibuni umeikuta misingi yake chini ya ardhi, na sehemu iliyobaki juu imevaa nguo ya ngome.

Sikulielewa hili vizuri hadi nilipoona jengo jingine likianguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Baadaye nilipopita na kuchungulia, nilimsikia mzee mmoja fundi wa chokaa akimgombeza kijana aliyelirukia jiwe lililokuwa limewekwa pembeni. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini anajali kifusi kiasi kile. "Marahaba, mwanangu. Kifusi kipi?" akaniuliza. "Hili ni jiwe. Kifusi ni ile saruji waliyoipiga juu yake." Kisha akanieleza, kwa hasira ya mtu aliyeyasema hayo mara nyingi bila kusikilizwa, kwamba ukuta wa matumbawe hupumua, unanyonya unyevu na kuutoa, na chokaa inaufuata, ilhali saruji huuziba, unyevu unabaki ndani na jiwe linaoza kimyakimya huku uso wake ukimetameta. Nikafikiri juu ya mafundi wa mwaka 1700, ambao hawakujali kabisa misa iliyosomwa baina ya mawe yale, lakini walijua thamani yake na wakayashika kwa chokaa ile ile. Kama kusudi lilikuwa kuyahifadhi, wasingeweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Nirudi kwenye neno, kwa kuwa ndilo lililonileta. Safari ya igreja kuwa gereza haina muujiza wowote kwa anayekijua Kiswahili. Irabu ya mwanzo imemezwa. Konsonanti mbili zilizobanana, g na r, zimewekewa irabu katikati, kama tulivyofanya tulipopokea gilasi na burashi. Sauti ya j ya Kireno, ambayo ni laini na haimo katika lugha yetu, imekwenda kuishi kwa jirani yake wa karibu, z. Wareno walituachia maneno mengine mengi yaliyopita tanuri hilo hilo: meza, bendera, leso, karata, kasha, foronya, mvinyo. Karibu yote yanataja vitu vya kushikika na yamebaki na maana yake. Meza haikugeuka kuwa kiti. Gereza ndilo limesafiri mbali, na limesafiri hivyo kwa sababu lilikuwa jina la mahali kabla halijawa jina la kitu.

Hebu tuwafikirie watu wa Unguja baada ya 1698. Pale ufukweni pana jengo la mawe ambalo baba zao walilisikia likiitwa igreja na wenyewe wakalitamka gereza. Jengo linaongezewa kuta, linawekewa askari, lakini hakuna sababu ya kubadilisha jina, kama ambavyo mtaa haubadilishi jina kwa kuwa duka la kona limebadilisha mmiliki. Gereza sasa ni ngome. Mombasa nako kanisa lilikuwa ndani ya ngome, na misingi yake inaonekana hadi leo katika ua wa Ngome ya Yesu, hivyo mchanganyiko wa maana mbili ulikuwa rahisi zaidi. Ushahidi wa hatua hii ya katikati uko Kilwa Kisiwani, ambako ngome iliyo ufukweni inaitwa Gereza, na wageni wengi hudhani waliwahi kufungwa watu tu humo, kumbe neno linasema ngome. Hatua ya mwisho ilikuja yenyewe. Ngome zikikosa vita huwekwa wafungwa. Katika karne ya 19 hii ya Unguja ilikuwa jela, na wahalifu waliadhibiwa na kuuawa nje ya ukuta wake wa mashariki. Ngome ya Yesu nayo ilifanywa jela na Waingereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kueleza gereza ni nini.

Kuna jambo moja katika mnyororo huu ambalo kila nikilifikiria linanichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Neno tunalolitumia kwa nyumba ya Wakristo, kanisa, tumelipata kwa Kiarabu, yaani katika lugha ya wale waliolibomoa lile la Wareno. Neno la Wareno wenyewe kwa nyumba yao ya sala ndilo tumelipa pingu na makufuli. Lakini padri, mtu aliyekuwa akiishi humo na kufia humo, amebaki na jina lake la Kireno bila kuguswa. Wamisionari walipokuja tena, Wafaransa mwaka 1860, takriban miaka 160 baada ya kanisa la kwanza kuvunjwa, ingekuwa kichekesho kuwaalika watu gerezani kusali. Waanglikana walipoanza kujenga lao Mkunazini mwaka 1873, walilijenga juu ya uwanja wa soko la watumwa. Mji huu una tabia ya kuweka jengo juu ya kidonda cha jengo lililotangulia, na mara nyingine kidonda kilikuwa cha kuponywa, mara nyingine ndiyo kwanza kilikuwa kinafunguliwa.

Maisha ya ngome baada ya jela yanaweza kuelezwa kwa pumzi moja. Reli ya kwenda Bububu iliyoanza kazi mwaka 1905 iliitumia kama karakana yake, mwaka 1949 ua wake ukafanywa klabu ya tenisi ya wanawake, baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaachwa kwa muda, na katika miaka ya 1990 likajengwa jukwaa la wazi. Nimekaa kwenye ngazi za jukwaa hilo usiku wa tamasha, taarabu ikipigwa, watu wakituza, na sauti ya fidla ikigonga kuta na kurudi. Nilijaribu, nakiri, kumtafuta padri wa 1652 akilini mwangu katikati ya makofi yale, na sikumpata. Ua ulikuwa umejaa walio hai.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba Unguja yenyewe imelivua neno hilo kazi yake ya mwisho. Bara kuna Jeshi la Magereza, Kenya kuna Idara ya Magereza, na Dar es Salaam maelfu ya watu hushuka kwenye basi kila siku wakisema wamefika Gerezani bila ya moyo kushtuka. Zanzibar, serikali haina magereza kwa jina. Ina Vyuo vya Mafunzo. Mtu akihukumiwa kifungo hapa, kwa lugha ya kiserikali anapelekwa Chuo cha Mafunzo, na waliolichagua jina hilo walitaka liseme kwamba anakwenda kurekebishwa. Maoni yangu juu ya kama jina hubadilisha kinachofanyika ndani ya kuta nayaweka kando. Ninachokiona ni kwamba neno, baada ya kutumikia sala, mizinga na minyororo, limeachishwa kazi zote tatu katika kisiwa hiki, likarudi kuwa kile lilichokuwa siku ya kwanza, jina la mahali pale ufukweni, kwa wale wanaoendelea kulitumia.

Nilipokuwa nimesimama mbele ya ukuta, kidole bado kina vumbi la chokaa, simu iliita. Alikuwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi? Nishafika Forodhani."

Sijui kwa nini sikusema Ngome Kongwe, jina lililoandikwa kwenye ramani na ambalo mimi mwenyewe hulitumia ninapoandika. "Niko Gerezani," nikamwambia.

"Basi toka, nisubiri hapo langoni," akasema. "Nakuja."